Gundi Si Haramu, Haramu ni Kuficha

Kwetu sisi watu wa pwani, pete yenye kito si pambo tu. Mzee akivaa pete ya fedha yenye akiki huivaa kwa heshima na kwa kufuata mwendo, kwani imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alivaa pete ya fedha, na kito chake kilikuwa cha Kihabeshi. Akiki nazo zilitujia kwa majahazi kutoka Gujarati karne nyingi kabla ya kuja Mreno, na shanga zake zimefukuliwa katika magofu yetu. Kwa hiyo panapozuka jambo mintarafu ya vito, haitupasi kulinyamazia.

Jambo lenyewe ni vito vya tabaka mbili. Kito cha namna hii huuzwa kama jiwe moja, kumbe ni mawe mawili yaliyounganishwa kwa gundi: juu kipande chembamba cha jiwe la thamani, chini jiwe la bei nafuu la kukishikilia. Wako wanaosema kwamba kila aifanyaye kazi hiyo ni laghai. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi.

Kazi hii niliiona kwa macho yangu Kuresoi, katika nyanda za juu za Mau, magharibi ya mji wa Nakuru. Huko si nchi ya vito; ni nchi ya viazi, chai na pareto. Lakini kijana mmoja amefunga gurudumu la kunolea kwenye mota kuukuu ya pampu ya maji, nyuma ya jiko la mama yake, na hapo ndipo penye karakana yake. Opali huinunua Nairobi kwa wafanyabiashara waitoao Wollo, kule Uhabeshi, ambako machimbo yake yalivuma tangu mwaka 2008. Jiwe la chini ni obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano lililo kama kioo, litokalo mlima Eburru karibu na Naivasha.

"Mzee," aliniambia, "opali nyembamba ikiwa peke yake imepooza. Ilaze juu ya jeusi, ndipo uone moto wake."

Akainyanyua nikaona. Nuru ipenyayo opali nyembamba hupotelea upande wa pili au hurudi ikiwa imechafuka. Weusi ulio chini huimeza nuru hiyo ya ziada, zikabaki kuonekana zile rangi zenyewe. Basi jiwe la chini halikuwekwa kudanganya. Lina kazi yake. Na kipande ambacho kingetupwa kwa wembamba wake kimepata maisha katika pete.

Tena ni kazi ya subira. Nyuso mbili zitakazokutana husuguliwa juu ya bamba la kioo kwa unga wa kukwaruza, mkavu kwanza kisha laini, mpaka zilale bila mwanya. Kisha hufutwa kwa spiriti, na baada ya hapo hazishikwi kwa kidole, maana mafuta ya mkono ni adui wa gundi. Opali ya Wollo hunywa maji kama mtungi, hivyo huachwa ikauke vizuri kabla ya kuunganishwa. Gundi ni epoksi, ile ya tyubu mbili, ichanganywayo kwa kipimo na polepole isije ikaingia hewa. Jiwe la juu hulazwa na kuzungushwa taratibu hadi viputo vitoke pembeni, lakini halibanwi kwa nguvu, kwani gundi yote ikikamuliwa hapabaki cha kushika. Huachwa siku nzima ikaze. Baada ya hapo ndipo jiwe hunolewa likapata mgongo wa duara kama nusu ya dengu, na muda wote humwagiwa maji, kwa sababu likipata moto gundi hulegea.

Wala kazi ya mawe si ngeni katika bonde lile. Obsidiani ya Eburru ilichukuliwa na wafugaji wa kale masafa marefu, wakitengeneza visu. Mwaka 1938, Louis na Mary Leakey walifukua pango la mto Njoro, jirani na Kuresoi, wakakuta maiti zilizochomwa moto miaka ipatayo elfu tatu iliyopita, na pamoja nazo shanga za mawe ya jamii ya akiki. Kijana yule ni mrithi wa ufundi huo.

Basi ubaya uko wapi? Uko njiani, baina ya karakana na kidole cha mnunuzi. Kijana yule humwambia kila anunuaye kwake kwamba kito ni tabaka mbili. Lakini kito kikishapita mikono miwili mitatu, khabari ile huanguka. Hutiwa katika pete iliyozibwa nyuma, ubavu usionekane, kikauzwa kwa bei ya opali nzima.

Sasa fikiri, msomaji, nani aivaaye pete hiyo. Ni mtu atawadhaye mara tano kwa siku, na hutakiwa aitikise pete ili maji yapite chini yake. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinunua pete ya namna hiyo. Baada ya miezi, kito kiliingia ukungu mweupe pembezoni, kisha tabaka la juu likaanza kubanduka. Aliporudi dukani aliambiwa kwamba kosa ni lake, ameilowesha mno. Laiti angeambiwa mapema, angeivua kabla ya kutawadha, au angechagua akiki isiyojali maji.

Tuliosoma chuoni twajua hukumu yake. Mtume alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini ni mbichi, mwenye mali alijitetea kwamba imenyeshewa na mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuuweka ubichi chini, watu wasiuone. Na mafakihi wetu wa Kishafii wamempa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu kikidhihiri kuwa na aibu iliyofichwa. Sheria ya Kenya ya kumlinda mlaji, ya mwaka 2012, nayo yakataza kumpa mnunuzi sifa za uongo.

Kwa hiyo nasema: tusimvunje moyo fundi wa Kuresoi, bali tuwabane wauzaji. Sonara na aandike katika risiti, "tabaka mbili, kwa gundi". Pete ya kito hicho na iachwe wazi nyuma, au mnunuzi aonyeshwe kito kabla hakijafungwa. Nawe mnunuzi, kitazame ubavuni, mwangani: ukiona mstari ulionyooka kama uzi, au viputo vidogo ndani, uliza. Ukiambiwa kweli na bei ikilingana na kweli hiyo, nunua na uvae, ila uivue wakati wa udhu. Ukijibiwa kwa mzunguko, irudishe pete mezani uende zako. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini duka lake laweza kudumu miaka, maadamu sisi wanunuzi hatuulizi.