Chuma cha Kufua na Chuma cha Kusubu

Mwanafunzi mmoja wa Kadutu ametuletea swali. Mguu wa cherehani ya mama yake ulipasuka. Ukalehemiwa mara mbili, na mara mbili ukakatika tena, si penye lehemu bali kando yake. Majirani wanasema fundi ni mwizi. Je, ni kweli?

Fundi huyo hatumjui. Mguu wa cherehani ya namna hiyo twaujua: ni chuma cha kusubu.

Wahunzi wa zamani katika nchi hizi za Maziwa Makuu walikuwa na chuma cha kufua, na kazi yao ina umri wa miaka 2,000 na zaidi. Katika tanuri zao za makaa ya miti chuma hakikuyeyuka kama maji. Kilitoka bonge, mhunzi akalipiga nyundo, akilirudisha motoni tena na tena, hata likawa jembe au mkuki. Chuma hicho hupindika kabla ya kukatika. Nabii Isaya alipotabiri panga zitakazofuliwa kuwa majembe, alisema habari za chuma cha namna hiyo. Cha kusubu kisingefulika kamwe.

Kusubu ni kumimina. Katika tanuri kubwa chuma hunywa kaboni ya makaa, sehemu 2 hadi 4 katika mia, na kwa sababu hiyo huyeyuka mapema, karibu na digrii 1,200, hali chuma safi chataka digrii 1,538. Kisha humiminwa katika kalibu ya mchanga. Wachina waliijua kazi hii kabla ya Kristo kuzaliwa. Huko Uingereza Abraham Darby, msubu wa vyungu, alianza mwaka 1709 kutumia makaa ya mawe yaliyookwa kwanza, na vyombo vya chuma vikazidi kuwa rahisi.

Ndipo tukapata sufuria nzito za miguu mitatu, pasi za makaa, mashine za kusaga, hata injini za malori. (Kengele za kanisa nazo husubiwa, lakini kwa kawaida ni shaba na bati.) Chuma hiki hustahimili mzigo na joto, ila hakipindiki: kikianguka sakafuni hupasuka kama chungu. Mimina maji baridi katika sufuria yake iliyo moto, nayo yaweza kupasuka papo hapo.

Basi fundi akilehemu kama alehemuvyo mlango au mbabula, huwasha moto mkali mahali padogo, na pande zote ni baridi. Kikipoa hujikunja, na chuma kilicho kando ya lehemu, kilichokuwa kigumu kama kioo, hukatika. Huo si wizi. Lakini alipaswa kutazama kwanza.

Mwanafunzi wetu na atazame palipovunjika: patakuwa pa kijivu, penye chembechembe, na huenda pakaacha weusi kidoleni. Kisha amwulize fundi kama ana ufito wenye nikeli, au shaba ya manjano. Mguu upashwe moto polepole kabla ya kazi, na baadaye ufukiwe katika majivu makavu hadi kesho yake. Asipopatikana fundi wa namna hiyo, vipande viwili vya chuma bapa, kimoja kila upande, vifungwe kwa boliti. Chuma cha kusubu hutoboka vizuri. Boliti zikazwe kwa zamu, taratibu.