Unafunga, lakini chai ina vijiko vitatu?

Juni na Julai, kuanzia Uyole hadi Mafinga, baridi haimruhusu mtu kutoka nyumbani bila kitu cha moto. Chai inalimwa hapo hapo, Rungwe na Mufindi. Ndiyo maana baadhi ya wazazi wa Mbeya na Iringa wanaojaribu kufunga kwa saa 16 na kula ndani ya saa nane zinazobaki, ugali hauwashindi. Kinachowashinda ni kikombe.

Ushauri wa kupunguza milo na sukari umesikika sana nchini kupitia Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wapo waliousikia nusu. Mtu anaruka kifungua kinywa, halafu saa mbili asubuhi anakunywa chai ya vijiko vitatu na kusema hajala kitu. Amekula. Sukari ikiingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini na mfungo umeishia hapo.

Kijiko cha chai hubeba takribani gramu 4 za sukari, hivyo vikombe viwili vya namna hiyo ni gramu 24. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2015, linasema ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 5 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Soda bado haijafunguliwa. Asali nayo, hata ya Mufindi, inahesabiwa humo humo. Na ulanzi mbichi wa Iringa una utamu gani kama si sukari?

Chai ya rangi yenye tangawizi, bila sukari, haiharibu mfungo. Anayeacha chai kabisa kwa ghafla huumwa kichwa akadhani ni sukari inamdai, kumbe mara nyingi ni kafeini.

Hatari kubwa iko kwa mgonjwa wa kisukari. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi asianze kufunga kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu dawa inaendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Pombe ikiongezeka ni mbaya zaidi. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka kwenye baridi ya Julai, maneno yanachanganyika. Hapo familia isibishane kuhusu mfungo. Apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15, akiwa bado, arudiwe, kisha ale. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa aina hii, hata ikiacha sukari, ibaki na kopo moja kabatini na kila mtu ajue lilipo.

Mjamzito, anayenyonyesha na watoto hawamo kwenye mfungo huu. Mtoto anayetoka saa 12 asubuhi kwenda shule anahitaji uji, kiazi kitamu au ndizi, na parachichi likiwepo. Sukari ya uji wake inaweza kupungua kidogo kidogo, nusu kijiko kila wiki, ila uji aupate kabla hajatoka.