Majumba ya Michenzani: Urithi wa Mapinduzi Unaohitaji Matunzo ya Pamoja

Zanzibar – Majumba marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kwa umbo la msalaba kwenye makutano ya barabara kuu za Ng'ambo, yamebaki kuwa alama kubwa ya sera ya makaazi iliyofuata Mapinduzi ya Januari 12, 1964.

Kabla ya hapo, Mji wa Zanzibar uligawanyika. Upande mmja ulikuwa Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe. Upande wa pili Ng'ambo, ambako wananchi wengi waliishi katika nyumba za udongo. Serikali ya Awamu ya Kwanza, chini ya Mzee Abeid Amani Karume, ilidhamiria kuuondoa mgawanyiko huo. Kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, nyumba za ghorofa zilianza kujengwa Kikwajuni, kisha ikaja Michenzani. Mzee Karume aliuawa Aprili 7, 1972, lakini ujenzi uliendelea.

Mradi huo ulikuwa na gharama yake. Nyumba za zamani zilivunjwa kupisha majumba hayo, na familia zilizozoea ua na baraza zikalazimika kuzoea ngazi na majirani wa juu na chini. Hata hivyo, wakaazi hawakuacha desturi zao: mabaraza na biashara ndogo ndogo zilichipuka chini ya majumba, na maisha ya mtaa yakaendelea.

Changamoto ya leo ni matunzo. Mwenye nyumba ya chini hutengeneza paa lake mwenyewe. Katika jumba la ghorofa, paa, ngazi na mabomba ni vya wote. Bomba likivuja juu, anayeathirika ni wa chini. Penye mali ya wote, ni rahisi kila mmoja kumsubiri mwenzake, na ufa mdogo huzidi kupanuka.

Zanzibar ilitunga Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya pamoja mwaka 2010, na Shirika la Nyumba Zanzibar likaanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Misingi ya kisheria na kitaasisi imewekwa. Kinachobaki ni utekelezaji: wakaazi kujua wajibu wao, michango ya matengenezo kusimamiwa kwa uwazi, na taasisi husika kukagua majengo kabla ya hatari kujitokeza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Michenzani, ukuta huo ni makaazi ya maelfu ya watu.