Kuku na Bustani ya Mboga

Wakulima wenzangu, wengi hunena kwamba kuku na bustani ya mboga havipatani. Mimi naona vyapatana, mradi pawe na mpaka.

Mwaka mmoja, hapa Usambara, nilipanda kabichi na mchicha nyuma ya nyumba, na kuku nikawaacha huru. Asubuhi moja nikakuta miche yote imefukuliwa. Kwa hasira nikawauza kuku wote. Msimu wa pili viwavi wakaikata miche shinani, udongo ukadhoofu kwa kukosa mbolea, na watoto wakakosa mayai. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, umemfukuza mwizi, kumbe ndiye mlinzi." Sikuwa na jibu.

Basi yafaa tufanye hivi. Kabla ya kusia mbegu, zungusheni ua wa fito au mabua. Mavuno yakiisha, wafungulieni kuku wafukue na kula wadudu. Mavi mabichi ya kuku msiyatie shinani, maana huunguza mizizi. Yachanganyeni na majani makavu, yaoze mpaka yawe kama udongo mweusi, ndipo myatumie. Tena wapeni kuku chanjo ya kideri ya kutia jichoni, tone moja kila miezi 3, kwani ugonjwa huo ukiingia huweza kumaliza banda zima.

Kazi ya kujenga ua ni ya siku mbili. Majuto ya kutokuwa nao ni ya msimu mzima.