Karatasi Itangulie Zege

Jalada la mradi wa ujenzi hukusanya hati zote zinazoeleza jengo ni la nani, limeruhusiwa na nani, linajengwa kwa bei gani, na nani ataulizwa likipata ufa. Humo hukaa hati miliki, michoro iliyogongwa muhuri, kibali, mikataba, makadirio ya vipimo na bei ambayo saiti huitwa BOQ, daftari la kila siku, hati za malipo na barua. Wajenzi wengi wa mijini nchini Tanzania huliona jalada hilo kuwa ni adha ya maofisini, jambo la kufuatiliwa nyumba ikishafika kwenye lenta. Huko ni kujidanganya. Karatasi iliyotangulia kazi ni ruhusa, na iliyoandikwa siku ya kazi ni shahidi. Ikiandikwa baada ya ugomvi kuzuka, ni maneno ya mtu anayejitetea, na hupimwa hivyo.

Kazi huanzia kwenye ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye hati miliki amepewa haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa, aghalabu miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti. Masharti hayo ndiyo yasiyosomwa. Mtu huangalia jina lake na namba ya kiwanja, akaikunja hati na kuirudisha kwenye bahasha, ilhali mstari wa chini unasema kiwanja ni cha makazi pekee. Akichora maduka chini na ofisi juu, maombi yake yatarudi, na yatarudi kwa haki. Mabadiliko ya matumizi huombwa kwanza, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, ndipo msanifu ashike kalamu.

Kuna na viwanja vya urithi, ambavyo ni chanzo cha kesi nyingi. Hati ina jina la marehemu, watoto wameelewana kwa mdomo, na mmoja wao ameanza kuchimba msingi. Maelewano ya sebuleni hayamhamishii mtu haki. Msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, jina libadilishwe, kisha ujenzi uombewe kibali. Vilevile mpima aitwe aonyeshe mawe ya mipaka kabla ya kamba kutandikwa, kwani ukuta uliovuka mpaka kwa nusu mita hauna dawa nyingine ila kuvunjwa au kulipiwa.

Baada ya ardhi huja wataalamu. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi husajiliwa na bodi yao kwa sheria ya 2010. Wahandisi na makandarasi wana bodi zao kwa sheria za 1997. Kila bodi ina orodha ya waliosajiliwa, na kulitafuta jina humo ni kazi ya dakika chache. Pamoja na wepesi huo, mjini kuna biashara ya muhuri: mchoro umechorwa na kijana asiyesajiliwa, kisha mwenye muhuri analipwa kidogo ili augonge bila kuukagua. Mwenye nyumba hudhani amebana matumizi. Alichonunua ni wino, na siku bimu ikipinda hakuna atakayekubali kwamba hesabu zile zilikuwa zake.

Mkataba na mtaalamu uandikwe kama ule wa mkandarasi. Useme iwapo malipo ni ya michoro tu au ni pamoja na usimamizi, atafika saiti mara ngapi, na nani atamlipa mchoro ukirudishwa kwa kosa lake. Wengi hulipia michoro na kukataa usimamizi. Uchumi huo ni wa uongo, maana mchoro hauwezi kumzuia fundi asipunguze nondo.

Maombi ya kibali hupelekwa halmashauri, na nyingi siku hizi huyapokea kwa mtandao. Huambatana na nakala ya hati, risiti za kodi ya ardhi, michoro ya msanifu na, kwa ghorofa, michoro na hesabu za mhandisi pamoja na taarifa ya udongo. Jalada hupitia kwa ofisa mipango miji, mhandisi na ofisa afya. Majengo ya ghorofa na ya watu wengi hufika Zimamoto, na miradi mikubwa hufika kwenye mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Lawama ya ucheleweshaji hutupiwa ofisi, na mara nyingine ofisi inastahili. Hata hivyo maombi mengi hukwama kwa sababu iliyomo ndani ya bahasha yenyewe: michoro haipatani. Mchoro wa msanifu unaonyesha nguzo pembeni mwa ngazi. Wa mhandisi umeisogeza mita moja ili slabu ipumzike vizuri. Wa maji taka umepitisha bomba mahali nguzo ilipohamia. Ofisa anayeurudisha mzigo wa namna hiyo hajamwonea mtu. Michoro yote ilazwe juu ya meza moja kabla haijapelekwa, na mtu mmoja awajibike kuilinganisha.

Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali na risiti huingia kwenye jalada. Anayedai fedha ya kusukuma faili bila kutoa namba wala risiti hasukumi faili. Anajisukuma mwenyewe, na atarudi kesho kuomba tena.

Kibali huruhusu kilichochorwa, hakiruhusu zaidi. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo lililokuwa limepanda hadi ghorofa 16 katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Katika siku zilizofuata ilielezwa hadharani kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zilizoruhusiwa. Ghorofa la nyongeza halibadilishi namba tu kwenye karatasi. Msingi uliohesabiwa kubeba mzigo fulani unabebeshwa mwingine, na nguzo za chini hazina habari kwamba mwenye jengo amepata mpangaji mpya. Novemba 16, 2024, ghorofa la biashara lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na Serikali ikaamuru majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Ukaguzi wa namna hiyo huuliza karatasi: michoro ya awali iko wapi, nani aliongeza sakafu, nani alichimba chini. Kuchimba ghala chini ya jengo lililopo, kutoa ukuta ili duka liwe pana, au kuweka tangi la maji juu ya paa, yote ni ujenzi na yote yanaombewa kibali. Imani kwamba kibali ni cha nyumba mpya pekee ni imani ya hatari.

Kibali kikishapatikana huja mkataba wa mkandarasi, na mambo yake ni mengi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyochukua nafasi ya sheria ya Kihindi ya 1872, haikatai mapatano ya mdomo. Inayoyakataa ni hali yenyewe, kwa kuwa baada ya miezi sita kila upande unakumbuka bei yake. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya 1979, limechapisha mkataba wa mfano wa majengo, na hakuna sababu ya mtu kuandikiwa mwingine na mpiga chapa wa steshenari. Miradi mikubwa hutumia mikataba ya mfano ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Mkataba wowote uwe na mambo haya: wahusika na anwani zao, michoro kwa namba na tarehe, BOQ, bei, muda, fidia ya kila siku ya kuchelewa, malipo ya awali na dhamana yake, bima, na njia ya kuamua mgogoro. Ushuru wa stempu ulipwe, kwani mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vimalizwe. Daraja la mkandarasi nalo liangaliwe. Makandarasi wa majengo wamepangwa kwa madaraja saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi.

Wenye kipato cha kawaida hutumia njia nyingine, nayo isidharauliwe: mwenye nyumba ananunua vifaa, fundi analipwa ufundi. Hapo karatasi kuu ni daftari la stoo. Mifuko 40 ya saruji ikitoka Jumatatu, iandikwe imeenda kwenye kazi gani na nani aliipokea; Jumatano kazi ipimwe. Asiyeandika hujikuta anamshuku kila mtu, mpaka mlinzi ambaye hana kosa.

Ugomvi mwingi wa saiti huzaliwa Jumapili. Mwenye nyumba anapita na familia yake baada ya ibada, anaona dirisha la jikoni ni dogo, anamwambia fundi alipanue na ukuta wa stoo usogezwe kidogo. Fundi anaitikia, “Sawa, mzee, hakuna shida.” Baada ya miezi mitatu shida ipo: fundi anadai tofali, lenta mpya na siku sita, mzee anasema alitoa ushauri tu. Dawa ni kijitabu cha maelekezo chenye nakala za kaboni, kisichozidi bei ya soda chache. Kila badiliko liandikwe tarehe, lihusu nini, litaongeza au kupunguza kiasi gani, litachukua siku ngapi, na sahihi mbili zitiwe kabla tofali la kwanza halijatolewa. Kama badiliko linagusa nguzo, bimu au ukubwa wa jengo, mhandisi atie yake, na halmashauri iarifiwe. Mikataba mikubwa ni mikali zaidi: chini ya FIDIC ya 1999, mkandarasi asiyetoa taarifa ya dai lake ndani ya siku 28 tangu alipolifahamu au alipopaswa kulifahamu jambo lililozua dai hilo hupoteza haki ya kudai muda na fedha. Wengi wameipoteza, wakiwa na haki yote upande wao, kwa sababu walingoja mpaka mwisho wa kazi ndipo waandike.

Daftari la saiti halihitaji ufasaha. Linatosha kusema: Jumanne; mvua kuanzia saa nne hadi saa nane; mafundi 9, vibarua 14; nondo za slabu ya kwanza zimekaguliwa na mhandisi, pembe ya kaskazini imerudiwa; zege limeahirishwa hadi kesho. Mistari hiyo mitatu inaeleza kwa nini siku ilipotea, inathibitisha kwamba nondo zilionekana kabla ya kufunikwa, na inaonyesha aliyezikagua. Yanayofunikwa ndiyo yanayotaka karatasi kuliko yote, yaani msingi, nondo, mabomba ya ndani ya ukuta na mifereji. Mkaguzi wa halmashauri aitwe kwa maandishi katika hatua zinazotajwa na kibali, na picha zipigwe zikiwa na tarehe. Matofali ya majaribio ya zege hupimwa baada ya siku 7 na 28, na majibu yake yasiachwe kwenye simu ya msimamizi.

Malipo yafuate kipimo, yasifuate makisio ya macho. Kauli ya “tumefika nusu” si kipimo. Chukua mkataba wa shilingi milioni 300. Mkadiriaji amepima kazi iliyokwisha kuwa ni milioni 80. Zuio la asilimia 10, yaani sehemu ya malipo inayoshikiliwa kama dhamana ya kasoro, ni milioni 8. Malipo yaliyotangulia ni milioni 45. Kinachostahili kulipwa sasa ni milioni 27, kabla ya kukata sehemu ya malipo ya awali na kodi. Hesabu hiyo iandikwe kwenye hati ya malipo, isainiwe, na fedha zilipwe kwa wakati. Mwenye mradi anayechelewesha malipo huku akihesabu siku za fidia dhidi ya mkandarasi hana haki ya kulalamika kazi ikisimama.

Kazi ikifikia mwisho hukaguliwa, orodha ya kasoro huandikwa, na hati ya ukamilishaji hutolewa. Kwa kawaida nusu ya zuio hulipwa hapo, nusu nyingine hungoja kipindi cha uangalizi kiishe, ambacho mara nyingi ni miezi sita au mwaka. Hapa ndipo wenye majengo hulala. Mvua ya masika inapita, paa linavuja chumba cha nyuma, wanampigia fundi wao wa siku zote azibe, na muda unakwisha bila barua hata moja kwa mkandarasi. Kasoro ziandikwe zinapoonekana, na mkandarasi apewe nafasi ya kuzirekebisha kwa gharama yake. Kabla ya wapangaji kuingia, idhini ya kulitumia jengo iombwe halmashauri.

Nakala ya jalada lote ikae mahali pawili tofauti, na nyingine ihifadhiwe kwa njia ya kielektroniki. Kesi ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, kwa Sheria ya Ukomo ya 1971, hivyo barua, madaftari na hati za malipo visichomwe moto kabla ya hapo. Hati miliki, kibali, michoro ya jengo kama lilivyojengwa na majibu ya vipimo vya zege hukaa muda wote jengo linaposimama, na likiuzwa hukabidhiwa mnunuzi pamoja na funguo.