Mcheza Kwao Hutunzwa

Katika Nyanda za Juu Kusini hakuna habari iendayo mbio kama habari ya kijana aliyesimama langoni akauzuia mpira ambao kila mtu alikwisha kuuhesabu kuwa ni bao. Kabla jua halijatua habari hiyo imefika Mwanjelwa, Soweto na Uyole. Na kesho yake yazungumzwa katika mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, na ndani ya mabasi yaendayo Iringa. Jina ambalo juzi halikujulikana nje ya nyumba ya wazazi wake, leo latajwa na watoto wachezao kwa mpira wa matambara. Furaha hiyo si ya kulaumiwa. Watu wafanyao kazi juma zima wana haki ya kufurahi siku yao ya mapumziko, na wana haki ya kujivunia mtoto wao. Lakini yafaa tujiulize swali moja: makofi yakisha, kijana huyo hupewa nini?

Twauliza kwa sababu mambo haya yamepita mbele ya macho yetu. Mwaka 2011 Halmashauri ya Jiji la Mbeya iliunda timu ikaiita Mbeya City. Mwaka 2013 timu hiyo ikapanda Ligi Kuu, na wengi walidhani kwamba itakuwa mgeni wa msimu mmoja tu. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha haikuwa imeshindwa mchezo hata mmoja. Ilikuwa na pointi 27, sawa na Azam, nyuma ya Yanga kwa pointi moja. Msimu ulipofungwa mwaka 2014 ikashika nafasi ya tatu kwa pointi 49, Azam ikiwa bingwa na Yanga ya pili, na Simba ikiwa nyuma yake. Kocha wake alikuwa Juma Mwambusi, na mlinda mlango wake alikuwa David Burhan, ambaye mashabiki wengi wa nchi hii walikuwa hawajapata kulisikia jina lake.

Wananchi wa Mbeya waliipenda timu ile kwa namna isiyokuwa ya kawaida katika mikoa. Walizoea watu wa bara kugawanyika, huyu Yanga na yule Simba, hata timu ya nyumbani ikicheza. Safari hii walivaa rangi ya kwao. Walijaa Uwanja wa Sokoine, na walipanda mabasi wakasafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam ili kuwashangilia vijana wao ugenini. Hilo lilikuwa jambo la heshima, nalo lilithibitisha kwamba mkoa unaweza kusimama kwa miguu yake katika mchezo kama katika kilimo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya mlinda mlango, maana wengi huishangilia bila kuijua. Wachezaji kumi waweza kukosea na mchezo ukaendelea. Mlinda mlango akikosea mara moja, kosa lake laandikwa ubaoni. Mshambuliaji akikosa mabao matatu na kufunga la nne, jioni hubebwa mabegani. Mlinda mlango akiokoa matatu na kufungwa la nne, jioni huulizwa kwa nini. Tena nafasi yake ni moja tu katika timu. Kijana aweza kufanya mazoezi misimu miwili, asubuhi na jioni, katika baridi ya Mbeya ya mwezi wa Juni, asiitwe hata mara moja, mpaka siku mwenzake aumie. Siku hiyo watu husema kwamba ametokea ghafula. Hakutokea ghafula, alikuwapo siku zote, ila hapakuwa na mtu wa kumtazama.

Hapa ndipo furaha yetu inapokuwa na kasoro. Shabiki aliyemwimba kijana Jumamosi ndiye huyo huyo ambaye Jumamosi ya pili, baada ya bao moja la kizembe, husema kwa sauti kubwa: "Ameuza mchezo." Hana ushahidi, hana shahidi, wala hakumbuki kwamba neno hilo ni shutuma ya wizi. Wengine huongeza habari za waganga. Viongozi wa klabu, kwa kuwaogopa mashabiki, humwondoa kijana langoni au humsimamisha bila kumsikiliza. Wafanyakazi wasomao gazeti hili wajiulize: wangekubali kutendewa hivyo kazini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mfanyakazi asiachishwe kazi ila kwa sababu ya haki na kwa utaratibu wa haki. Haki hiyo iliyopiganiwa na vyama vya wafanyakazi haiwezi kuishia kwenye lango la kiwanda. Kijana aishiye kwa mpira ni mfanyakazi. Uwanja ndio karakana yake.

Na kwa kuwa ni mfanyakazi, anao mwili unaochoka na kuugua. David Burhan aliondoka Mbeya, akachezea timu nyingine, na mwezi wa Januari mwaka 2017, akiwa mlinda mlango wa Kagera Sugar, alifariki dunia katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, akazikwa Iringa. Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu yeyote. Kifo hakina mlango. Twaandika ili tukumbushane kwamba yule tuliyemwona hodari wa kuruka huku na huku alikuwa mwana wa watu, na kwamba miaka ya mchezaji ni michache kuliko inavyodhaniwa. Ahadi ya kumtunza ikicheleweshwa, yaweza kukosa wa kupokea.

Mbeya imepata kuwa shule ya walinda mlango. Ivo Mapunda alipitia Prisons kabla ya kwenda Yanga, kisha akavuka mpaka, na mwaka 2013 alikuwa langoni mwa Gor Mahia ilipotwaa ubingwa wa Kenya ambao ilikuwa haijauonja tangu mwaka 1995. Beno Kakolanya aliondoka Prisons mwaka 2016 akajiunga na Yanga, na baadaye Simba. Hatuna kinyongo na kuondoka kwao. Kijana akipata kazi bora mahali pengine na aende, na baraka za wazee ziende pamoja naye. Lakini shule nzuri hujulikana kwa jambo moja: mwanafunzi wa kwanza akihitimu, wa pili huwa tayari amekaa darasani. Je, sisi tunaye wa pili?

Historia ya timu zetu yatoa jibu lisilopendeza. Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, jambo lililowashangaza wakubwa wote wa mpira, wala haikudumu kileleni. Mbeya City baada ya mwaka 2014 iliwapoteza waliokuwa nguzo zake. Deus Kaseke na kocha Mwambusi walikwenda Yanga mwaka 2015, na timu ikapungua kidogo kidogo hata ikashuka daraja mwaka 2023. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa na Azam bao 1 kwa 0 mjini Lindi, na mwaka uliofuata ikashuka daraja. Mara tatu tumewasha moto mkubwa wa majani makavu. Moto wa majani huonekana mbali, lakini hauivishi chungu.

Wako watakaosema kwamba tatizo ni fedha. Kwamba klabu za mikoani ni maskini na wenye fedha wako Dar es Salaam. Kweli hiyo ipo, lakini haitoshi kuwa udhuru. Mengi ya yanayotakiwa hayahitaji fedha nyingi, yahitaji utaratibu.

La kwanza ni mkataba. Kijana asisajiliwe kwa maneno ya mdomo wala kwa ahadi ya kiongozi mwenye bashasha. Apewe karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili anachokielewa, itajayo mshahara, muda, na nani atamtibu akiumia. Mzazi au ndugu yake awepo anapotia sahihi. Nakala moja ibaki mikononi mwake.

La pili ni kumbukumbu. Kanuni za Shirikisho la Mpira la Dunia zaeleza kwamba mchezaji akiuzwa nchi ya nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha zilizolipwa hugawiwa klabu zilizomlea tangu alipokuwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu ndogo ya Mafinga au Kyela yaweza kupata haki hiyo, ila iwe imemsajili kijana kwa utaratibu na kuhifadhi karatasi zake. Asiye na karatasi atabaki kusimulia kijiweni kwamba yule alikuwa wetu.

La tatu ni mwalimu na uwanja. Mlinda mlango hafundishwi kwa kupigiwa mashuti mwisho wa mazoezi, wenzake wakiwa wamekwisha kuvaa viatu vya kwendea nyumbani. Ahitaji kocha wake mwenyewe, na ahitaji ardhi iliyo laini, maana kazi yake ni kuanguka. Uwanja wa Sokoine na Uwanja wa Samora ni mali ya Chama. Kwa hiyo neno hili latuhusu wanachama kabla ya kumhusu mtu mwingine. Mwenye shamba hawezi kulalamika juu ya mavuno wakati jembe limelala darini. Fedha za kiingilio na za kukodisha viwanja zionekane katika nyasi na katika vyumba vya kubadilishia nguo; na vijana wa timu za mtaa wapangiwe siku zao za kuingia humo, si kuchungulia ukutani tu.

La nne ni sisi mashabiki wenyewe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hiyo sifa ziwe na kiasi. Tusimfanye kijana wa miaka 19 ajione amefika kwa sababu ya michezo mitano. Na akikosea tusimvue utu. Mwenye ushahidi wa rushwa aupeleke panapohusika, na sheria ifanye kazi yake bila huruma. Asiye nao afunge mdomo wake. Tena tulipie viingilio, tuache kupita uani. Mtu apendaye timu kwa koo tu, huku akikwepa tiketi, hana tofauti na mgeni asifuye chakula kisha akaondoka na sahani.

Wengine watauliza kwa nini gazeti la wafanyakazi lipoteze wino kwa habari za mpira, ilhali kuna habari za mbolea, barabara na bei ya mahindi. Jibu letu ni kwamba nchi hujengwa na vijana, na namna tunavyomtendea kijana mmoja aliyefanikiwa mbele ya macho ya watu wote ndiyo namna wenzake elfu watakavyojua tunawathamini kiasi gani. Wakiona kwamba juhudi hupokelewa kwa makofi na kusahauliwa kwa haraka, watajifunza kutafuta makofi. Wakiona kwamba juhudi hulindwa, watajifunza juhudi.

Mwaka 2025 Mbeya City ilipata tena nafasi ya kurudi Ligi Kuu. Tukio hilo lilikuwa fursa ya pili, na fursa ya pili si ya kila mtu. Viongozi wa halmashauri, wanachama wa Chama na wafanyakazi wa Mbeya na Iringa wana wajibu wa kukutana, kuangalia nani yuko nyuma ya mlinda mlango wa leo, ana mkataba gani, hufundishwa na nani, na hutibiwa wapi. Wazee walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema kwamba mcheza kwao hushangiliwa. Kumtunza mtu ni kumpa kitu mkononi, na mkono wa kijana huyo, uliotufurahisha mara nyingi kwa kudaka, bado umekunjuliwa.