Bando la WhatsApp Si Intaneti

Mdogo wangu alinitumia tangazo la kazi kwa WhatsApp. Nikabonyeza kiungo, ukurasa ukazunguka weee, mwisho nikaambiwa sina salio. Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa watu akanijibu kwa upole: “Kaka, bando unalo, ila ni la mitandao ya kijamii. Huko unakotaka kuingia halifiki.”

Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Dar na Nairobi wote tulikwama, na sikumlaumu mtu. Bahari ni bahari. Lakini safari hii waya ulikuwa mzima. Nilichokutana nacho ni mlango uliofungwa makusudi. Ukishalipa nauli ya Kariakoo, konda hakuulizi utanunua duka la nani. Kwa nini kampuni ya simu iniulize?

Wanaotetea vifurushi hivi husema ni msaada kwa wenye kipato kidogo. Wimbo huo Facebook waliuleta mwaka 2014, walipoingiza Internet.org Tanzania kupitia Tigo, na Kenya kupitia Airtel: kurasa chache za bure, walizoziridhia wao. India, ambayo nayo ina maskini wake kwa mamilioni, ilikataa. Februari 2016 mamlaka yake ya mawasiliano, TRAI, ilipiga marufuku kampuni kutoza bei tofauti kulingana na kile mteja anachofungua.

Sisi tunashangilia ofa. (Nami nilishangilia, nisijitoe.) Tunasahau kwamba chujio linaloitambua WhatsApp ili linipunguzie bei, linaweza pia kuitambua ili linitoze. Waulize Waganda. Julai 2018 serikali yao ilianza kudai shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na wenzake. Usipolipa, hufungui. Wengi wakakimbilia VPN, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaletwa ya asilimia 12 kwenye data.

Kama nia ni kumsaidia maskini, mpunguzieni bei ya MB, kisha mwacheni aende anakotaka. Anayehitaji fomu ya chuo au tangazo la kazi ni huyo huyo.

Tangazo lile nililifungua kesho yake, kwa bando kamili la kukopa. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa jana, saa kumi jioni.